Mwanangu, hilo gemu nililimaliza zamani

Mwanangu,

Jumapili ulipopiga simu ulinikuta na pedi ya gemu mkononi, ukacheka: "Mama, hilo Mario si ulilimaliza mimi sijaanza hata shule? Unatafuta nini tena humo?" Nilikujibu kwa mzaha kwa sababu nilikuwa 8-1, yaani dunia ya nane hatua ya kwanza, na sikutaka kusimama. Lakini swali lilinifuata hadi kitandani. Najua hukuliuliza kwa kebehi, kwa hiyo leo nitalijibu sawasawa.

Kulimaliza nililimaliza. Super Mario Bros. ni gemu la mwaka 1985, lina dunia 8 zenye hatua nne nne, na mtoto yeyote mwenye subira hufika mwisho. Siku nilipomwokoa yule binti mfalme nilidhani nimelijua. Kumbe nilikuwa nimelipitia tu, kama msafiri aliyepita mji usiku akiwa amelala dirishani.

Ninachofanya siku hizi kinaitwa spidirani, kushindania kulimaliza gemu kwa muda mfupi kabisa. Saa inaanza gemu linapoanza, inasimama Mario anapogusa shoka lililo nyuma ya Bowser, adui wa mwisho. Njia za mkato ni halali, kwa hiyo kati ya hatua 32 unacheza 8 tu: 1-1, 1-2, unarukia 4-1, 4-2, unarukia tena dunia ya nane na kuimaliza yote. Mwaka 2021 ndipo mtu wa kwanza alipofanya hayo chini ya dakika 4 na sekunde 55. Mimi muda wangu bora ni dakika 5 na sekunde 14. Cheka ukimaliza, ila ujue nilianzia dakika nane.

Ulidhani utamu uko kwenye kasi. Hapana. Kasi ni kisingizio tu cha kukulazimisha uangalie.

Chukua 4-2. Mle kuna bomba ambalo kwa kawaida linakushusha kwenye chumba cha sarafu. Njia ya mkato iko pengine: unagonga tofali, mmea unachipuka, unaukwea hadi juu, na kuukwea huko kunakula sekunde ambazo roho inauma. Sasa sikiliza. Gemu halipangi utokee wapi kwa kuangalia umeingia bomba gani. Linaangalia skrini imesogea hadi wapi. Ukimgongesha Mario kwenye matofali kwa namna yake, anasukumwa mbele pikseli chache, vile vidoti vya skrini, huku skrini ikibaki nyuma. Akifika kwenye bomba la sarafu skrini ikiwa bado haijavuka alama yake, gemu linaamini unakwenda kule kunakopeleka mmea. Unazama kwenye bomba la sarafu, unaibukia kwenye njia ya mkato.

Wiki tatu nilikuwa naibukia kwenye sarafu. Sarafu, sarafu, sarafu, nikazichukia zile sarafu. Usiku niliofanikiwa niliweka pedi chini nikasimama katikati ya sebule peke yangu, sina wa kumwambia. Nilikuwa nimeuona mshono wa gemu kwa ndani, mahali ambapo waliolishona walidhani hakuna atakayepafikia.

Halafu kuna jambo la basi, ambalo lilinichukua muda hata kulielewa. Gemu linachora takriban picha 60 kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja. Ukimaliza hatua, halikuvushi papo hapo. Linasubiri hesabu yake ya fremu 21 itimie, kama theluthi ya sekunde hivi, ndipo linakupeleka mbele. Wachezaji husema ni basi: linaondoka kila fremu 21, na ukifika kituoni mapema au ukilidandia linapoanza kutembea, abiria ni yuleyule na saa ya kuondoka ni ileile. Maana yake unaweza kujikwaa kidogo katika 1-1 usipoteze kitu, na unaweza kucheza vizuri kuliko jana usipate kitu. Miezi nilijilaumu kwa kuruka vibaya kule mwanzoni, kumbe basi lilikuwa linanisubiri. Hatua isiyo na basi ni 8-4 peke yake, kwa sababu saa inakatikia kwenye shoka. Pale kila fremu unailipa.

Na ndiko ninakofia. Mwezi uliopita niliingia 8-4 nikiwa na muda wa kuivunja 5:14 kwa sekunde mbili nzima. Mikono ikaanza kutoka jasho. Nikapita mabomba yote, nikafika chumba cha mwisho, amebaki yule jamaa wa nyundo na Bowser mwenyewe. Nikaruka mapema, wala si kwa sana. Nyundo ikanishukia kichwani. Tukikimbia hatuli uyoga unaomkuza, kwa hiyo Mario ni mdogo na pigo moja linammaliza. Nilikaa nikiangalia skrini nyeusi. Baada ya hapo nikabonyeza kuanza upya, nikarudi 1-1.

Hapo kwenye kubonyeza ndipo penye jibu lako, nadhani. Kazini nilifanya makosa ambayo hadi leo sijui ni yapi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Wewe nilikulea mara moja tu, na sina pa kutazama ni wapi niliruka mapema. Humu naona. Saa hainipendi wala hainichukii, hainisifu kwa kuwa nimejitahidi, na dakika tano baadaye nimesimama tena palepale, nguo zilezile, adui yuleyule wa kwanza mwenye umbo la uyoga ananijia kwa miguu.

Ulisema pia inaonekana ni upweke. Kidogo, ndiyo. Lakini ile hila ya 4-2 sikuivumbua mimi; nilifundishwa na video ya mtu anayeshindania muda huohuo na wenzake, ameieleza pikseli kwa pikseli ili yeyote aichukue, hata atakayemshinda. Ni tabia ya zamani. Mwaka 1997 kundi la wachezaji lilimaliza gemu la Quake lote kwa dakika 19 na sekunde 49, kila mmoja akikimbia hatua anazoziweza, wakaiweka kwenye intaneti ichukuliwe bure. Na tangu 2010 kuna mikesha ya Games Done Quick, watu wanapokezana pedi mchana na usiku, watazamaji wakichanga pesa za misaada. Madaktari Wasio na Mipaka ni miongoni mwa waliopokea michango hiyo. Niliwahi kukesha nao hadi macho yakavimba, kesho yake nikakwambia ni mafua. Samahani.

Mwisho uliniuliza nikishuka chini ya 5:10 nitafanya nini. Kwanza nitakupigia, hata kama ni saa tisa usiku, na utapokea. Halafu kuna mruko mmoja katika 8-2 ambao nimeukwepa mwaka mzima kwa woga, wa kukanyaga risasi inayoruka karibu na mlingoti wa mwisho wa hatua ili bendera isishuke na muda uokoke. Nimeanza kuutazama.

Mama yako