Mumeo hana roho mbaya, wewe ndo umekimbia

"Shangazi shikamoo. Naishi Mikindani, tuna mtoto mmoja wa darasa la pili. Mume wangu ana mbwa anaitwa Bosi, alikuwa naye tangu hatujaoana, sasa ana miaka 13, miguu ya nyuma haisimami na chakula hali. Mume anataka kumwita daktari wa mifugo amchome sindano afe. Ana roho mbaya shangazi, hajali kwamba mtoto kakua na huyu mbwa. Usiku anatoka kumbeba akojoe nje halafu asubuhi anarudia maneno yale yale. Mama mkwe naye kamuunga mkono, anasema mbwa kachoka aachwe apumzike. Juzi Jumapili mtoto alimkumbatia Bosi akaguswa na meno mkononi, damu kidogo tu. Mimi nataka tumwambie mtoto Bosi kaenda kwa babu Newala. Nifanyeje huyu mwanaume anielewe?"

Marahaba mwanangu, na pole, kuuguza ni kazi hata mgonjwa akiwa mbwa. Pole imeisha, sasa tuongee.

Mtoto kang'atwa, damu imetoka, na wewe umekaa unaandika barua! Tena umelichomeka huko chini kama vile ni habari ya mvua. Mbwa hali, miguu haisimami, halafu anang'ata, inaweza kuwa uzee na maumivu tu lakini inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na wa kusema si mimi wala wewe. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, chanjo inatakiwa iwahi kabla. Kwa hiyo acha kusoma hapa, osha hicho kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 hata kama siku zimepita, mchukue mtoto nenda hospitali ya Ligula leo, si kesho, na mumeo aende pia maana ndo anayembeba huyo mbwa kila usiku. Kama kuna kadi ya chanjo ya Bosi ibebe. Kisha afisa mifugo wa kata aambiwe, mbwa afungwe mahali peke yake, aangaliwe siku 10 tangu alipong'ata, asichomwe sindano yoyote kabla huyo mtaalamu hajasema, na akifa mwenyewe msikimbilie kumzika.

Na nakuuliza, hizi habari za sindano zilianza kabla ya mtoto kung'atwa au baada? Hujasema, na mimi nadhani najua kwa nini hujasema.

Turudi kwa mumeo. Mwanaume mwenye roho mbaya haamki saa nane usiku kubeba mbwa mzima mikononi akojoe. Hiyo umeiandika wewe mwenyewe kwa mkono wako na hukuiona! Yule anafiwa mwanangu, anafiwa na rafiki wa ujana wake, na nyumbani hana wa kumwambia kwa sababu mkewe kashamhukumu. Ndo ndoa za siku hizi hizo, mke anajua status za watu mia ila hajui mwanaume aliyelala pembeni yake analia na nini, mume naye kafundishwa tangu jandoni akaze, basi anakaza, halafu mnaitana majina. Umewahi kumuuliza hata mara moja "baba fulani, unaumia?" Jaribu uone.

Mama mkwe wako mimi nampenda bila kumjua. Labda ni mtu wa swala, hataki hata mate ya mbwa yaguse kanga yake, lakini ndo pekee humo ndani aliyesema mnyama kachoka.

Sasa Newala. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mwezi wa 12 shule zikifungwa, mnapanda kwa babu kwenye korosho, mtoto anashuka tu garini anauliza Bosi yuko wapi. Mzee wa watu ajibu nini? Mtoto wa umri huo kaona kuku wakichinjwa Idi, kaona majirani wakizikwa, anajua kufa ni nini. Wala usimwambie Bosi "amelala", ataanza kuogopa kitanda. Baba yake ndo amwambie, mbwa ni wake: Bosi amezeeka, anaumwa, hatapona, daktari atamchoma sindano afe bila kuumia. Mseme kufa. Akilia mwacheni alie, na baba akilia mbele yake hakuna kitakachoharibika.

Siku ikifika, awe daktari wa mifugo kweli, dawa ya usingizi nyingi na ndani ya dakika chache imekwisha. Mambo ya sumu kwenye nyama, au kijana wa mtaani na rungu, nisisikie. Mtoto amuage kwa mbali kabla, bila kumshika, sindano asiione, ila kuzika awepo, shimo refu mbali na kisima na mawe juu mbwa wengine wasifukue.

Na hilo la kumtafutia kabwa kengine wiki ijayo ili anyamaze, najua limeshakupita kichwani, liache kwanza. Mtoto amalize sindano zake zote za chanjo kwa tarehe watakazokupa Ligula, hata moja usiruke.