Mti wa Krismasi umemaliza kazi: majibu ya Januari

Barua za wiki hii karibu zote ni za mti. Zilizouliza "nitupe wapi?" bila maelezo zaidi nimeziweka kando.

*Nikiuchomeka ardhini mti wangu wa saiprasi uliokatwa Desemba, utaota? (Umoja)*

Hautaota. Hauna mizizi. Mwaka jana nilijibu hivi hivi.

*Wetu uko kwenye chungu, na mizizi yake yote. Tuupande wapi? (Kahawa)*

Kwanza, si sasa. Januari na Februari Nairobi ni jua kali. Subirini masika ishike vizuri, mwishoni mwa Machi au Aprili. Hadi wakati huo uwekeni penye kivuli cha mchana na mwagilieni.

Pili, si pale mnapopafikiria, kando ya geti. Saiprasi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hufika mita 30. Leo unakufikia kiunoni; kesho utagombana na nyaya za umeme, paa la jirani na bomba la majitaka, halafu mtamtafuta mwenye msumeno. Kama hamna shamba, mpeni jamaa aliye nalo. Wala msiuingize Karura kinyemela: msitu ule umehangaika miaka mingi kupunguza miti ya kigeni ili ya kienyeji irudi.

Desemba ijayo ulizieni mche wa mtarakwa kwenye vitalu. Ni mti wa kwetu, na ukiwa mchanga una umbo lile lile la kuchongoka juu mnalolitaka.

*Niliupulizia theluji ya kopo. Unafaa kwa mboji? (Kileleshwa)*

Haufai. Na theluji ya nini, ndugu yangu, katika mji ambao Desemba watu wanatafuta kivuli? Mti safi ungeukatakata ukawa matandazo ya sukuma wiki, ukazuia unyevu usipotee kiangazi hiki. Ulio na rangi, nyaya na vumbi la kumetameta si taka ya kuoza tena, wala si plastiki ya kuuza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Wewe umezigandisha pamoja kwa pesa yako mwenyewe. Utaishia Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001.

Wenye miti safi: vueni kila kitu, hata kile kiuzi cha fedha kilichojificha ndani, mkate vipande vidogo, mchanganye na maganda ya jikoni na samadi. Majani ya saiprasi yakiwa peke yake huchelewa mno kuoza.

*Naweza kuupikia? (Kawangware)*

Ukikauka kabisa, na kwenye jiko la nje. Ukiwa mbichi, utomvu wake utakujazia sufuria masizi na macho moshi. Wa plastiki usiuchome hata tawi moja: mingi ni ya plastiki iitwayo PVC, na moshi wake una gesi ya asidi na sumu ziitwazo dioksini. Majirani wana mapafu pia.

*Nina ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Niwape matawi? (Ruai)*

Huyo wa mimba usimpe kabisa. Baadhi ya miti ya jamii ya saiprasi na misonobari ina kemikali inayoharibu mimba za ng'ombe, hasa miezi ya mwisho. Mwingine naye ana haja gani ya kula pambo? Mkatie napia.

*Mti wa plastiki si ndio bora kwa mazingira? (South B)*

Ulio nao tayari, ndiyo: utumie mpaka watoto wako wapate watoto. Mpya kila baada ya Krismasi mbili, hapana.

*Vijana wa takataka wanataka pesa ya ziada kuubeba. Ni haki? (Kasarani)*

Ni haki, mti hujaza mkokoteni. Lakini kabla ya kulipa, waulize wanaupeleka wapi. Wakikujibu "huko mbele", huko mbele ni mtaro wa barabara yenu, na mvua ya Machi mtaipokea sebuleni.