"Si Uko Nyumbani Tu?": Maswali Yenu Kuhusu Saa za Kazi

Barua za wiki hii zinafanana kama ndugu wa tumbo moja: kazi ninayo, saa sina. Nimechagua tano. Panapoguswa sheria, nazungumzia Tanzania Bara.

Shikamoo dada. Nina mtoto wa miezi mitano na nimesharudi kazini. Nimeomba niwe natoka mapema nikanyonyeshe, bosi anasema likizo ya uzazi imekwisha, nichague moja. Nifanyeje? (Mhasibu, Tegeta)

Marahaba. Kwanza acha kuomba kama anayeomba lifti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hizo ni mbali na siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua mapacha.

Shida yako ni barabara. Mtoto yuko Tegeta, ofisi ikiwa Posta saa mbili zote zitaishia kwenye foleni ya Mwenge. Kwa hiyo pendekeza kuzigawa pembeni ya siku: uingie saa tatu badala ya saa mbili asubuhi, utoke saa tisa badala ya saa kumi. Sheria imeweka ukomo wa muda. Namna ya kuupanga mnakubaliana. Andika barua fupi. Taja kifungu, saa zenyewe, tarehe ya kuanza, na nani atashika meza yako ukishatoka. Nakala ipeleke utumishi. Mambo ya kusemezana kwenye korido husahaulika siku hiyo hiyo.

Hospitali yetu binafsi inataka tufanye zamu za saa 12 ili tupate siku nyingi za kupumzika. Ni halali? (Nesi, Mwanza)

Halali, mkikubaliana kwa maandishi. Saa 12 hizo zinahesabiwa pamoja na muda wa chakula, zisizidi siku tano kwa wiki, na saa za kawaida zisipite 45. Piga hesabu: ukitoa saa moja ya chakula, zamu ni saa 11; zamu nne ni saa 44. Wakikuita ya tano, karibu yote ni saa za ziada, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Siku ya kwanza ya mapumziko usiipangie kitu. Ni ya usingizi.

Ninafanyia kazi nyumbani, ni mfasiri. Mama mkwe akiwa na shida ananituma mimi, "si uko nyumbani tu?" Wateja nao wananipigia usiku. Nimechoka. (Arusha)

Pole, hiyo njia nimeipita. Nilipoanza, wifi alikuwa akiniachia watoto wake "kidogo tu", jirani akaniachia funguo za fundi bomba, na mtaa mzima ukawa unaelekeza mitungi ya gesi kwangu. Nilieleza mpaka nikachoka. Kilichonisaidia ni viatu. Asubuhi navaa vile vya ofisini, vyenye kisigino, nakaa mezani. Ndala zikiwa mlangoni, mama yuko kazini. Mwanangu wa miaka minne alielewa ndani ya wiki moja. Baba yake alichukua miezi miwili. Saa saba mchana navua, tunakula, tunacheka. Saa nane navaa tena.

Mama mkwe usipambane naye. Huyo ana mwanawe. Mwanawe ndiye akamweleze, tena akiwa peke yake, bila wewe kusimama pembeni.

Wateja ni kosa letu wenyewe. Tunafurahia kujipangia saa, kisha tunaacha mlango wazi usiku kucha. Taja saa zako kwenye ujumbe wa kwanza, kabla hata ya bei. Wa usiku jibu asubuhi. Ukijibu mara moja tu saa nne usiku, umeshamfundisha.

Nasikia wanawake waliofanikiwa huamka saa kumi alfajiri. Nijaribu? (Dodoma)

Unalala saa ngapi? Kama ni saa sita usiku, endelea kulala.

Jumamosi moja nina kikoba, kamati ya harusi na kitchen party, na ripoti ya kazi haijaisha. Halafu, niweke programu gani ya ratiba kwenye simu? (Mhandisi, Morogoro)

Kikoba nenda, hela yako iko pale. Kamati ya harusi inataka mchango kuliko sura yako: tuma mapema, na ujumbe mzuri wa kumtakia heri bibi harusi. Kitchen party nenda ukiwa unampenda bibi harusi. Kama ni kwa sababu ya sare tu, kitambaa kitasubiri sherehe nyingine. Ripoti ifanye Ijumaa, hata kurasa mbili, usiibebe Jumamosi kama mkoba.

Programu yoyote ya kalenda inatosha. Ila simu haijui saa zetu. Niliwahi kuweka kikao "saa 2", nikimaanisha asubuhi. Ikaniamsha saa nane za usiku, na mume wangu akauliza ni kikao gani hicho.