Kumtembelea ndugu Unguja: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Familia nyingi za bara hupanga safari ya Unguja kwa kutazama likizo ya skuli na bei ya boti. Kitu kinachoamua kama watoto wataogelea au watazunguka kwenye mchanga mkavu hawakiulizi: mwezi una siku ngapi? Ndugu yako anayeishi mjini analijua hilo, na kama halijui, jirani yake anayevua hakosi kulijua. Mpigie simu kwanza, tiketi baadaye.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvu. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Siku hizo Unguja maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Ikifika siku ya nane hivi ya mwezi huo wa Kiislamu, au ya ishirini na mbili, ni maji mafu: kupwa na kujaa havipishani sana, na saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri. Nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Ukishajua za leo, za keshokutwa unazipata kwa vidole.

Pwani ya mashariki ndiko wengi wanakoumia. Paje, Bwejuu na Jambiani zina kina kifupi kutoka ufukweni mpaka kwenye mwamba unaokinga mawimbi, kwa hiyo bamvu likipwa bahari inaondoka mbali sana, hata kilomita nzima mahali pengine. Familia inaamka alfajiri, inafika saa 3 na nusu, inakuta mchanga, mwani na madimbwi. Maji yanaporudi kufika kiunoni, dereva ameshaanza kuuliza mnarudi saa ngapi. Siku ya bamvu pangeni kinyume: asubuhi nendeni Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini na njia ni hiyo hiyo. Kima punju, wale wekundu ambao asili yao ni Unguja tu, wanaonekana vizuri zaidi kabla jua halijawa kali, na maji yakiwa yamepwa mnaona kaa na mizizi ya mikoko mkipita kwenye daraja la mbao. Tokeni hapo saa 6, mfike ufukweni saa 7 maji yakiwa yanaingia, mkae mpaka saa 10 na nusu. Kama mna wazee au watoto wadogo mnaotaka waone akina mama wakilima mwani, fikeni mapema kidogo, ila pitieni pembeni ya zile kamba na vigingi. Lile ni shamba la mtu, na mche uliokanyagwa ni hasara yake.

Kila mtu avae viatu vya kuingilia majini, hata vya plastiki vya bei ndogo. Ndani ya madimbwi kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia unakatikia ndani ya nyayo, na safari ya mtoto huyo imekwisha. Na jambo la chakula: mkifika tu agizeni, kisha ndiyo mwende majini. Jikoni za ufukweni huanza kupika baada ya kuagizwa, na samaki kwa watu wanane si kazi ya nusu saa.

Tarehe zikiwa hazikubali kabisa, nendeni kaskazini. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali, mnaweza kuogelea karibu saa yoyote. Ni mbali zaidi na kumejaa wageni, lakini kwa mtoto anayetaka bahari na si maelezo, ndiko.

Usafiri wa huko una njia mbili. Daladala ni rahisi na namba zake zina mpangilio: zinazoanza na 1 huenda kaskazini, 2 kati na mashariki, 3 kusini, 5 ni za mjini na vitongoji vyake. 116 ni Nungwi, 309 ni Jambiani na inapita Paje, 505 ni uwanja wa ndege. Zinajaa, zinasimama kila mahali, na baada ya magharibi zinapungua, kwa hiyo msingoje giza liwakute ufukweni. Mkiwa zaidi ya watano, gari ya kukodi kwa siku nzima ina nafuu ya mwili na mara nyingi hata ya mfuko. Kabla ya kuondoka semeni wazi: mafuta ni ya nani, dereva atangoja mpaka saa ngapi, na vituo ni vipi. Ugomvi karibu wote wa mwisho wa siku hutokana na kituo kilichoongezwa njiani.

Kisiwa cha Changuu nacho kina saa yake. Kiko kilomita tano na kidogo kutoka mjini, na boti za mbao huondokea ufukweni Forodhani na Shangani. Bei huwa ya boti nzima, kwenda na kurudi pamoja na kungojewa, kwa hiyo familia kubwa inafaidi. Ulizeni jaketi za kuokolea, za watoto ziwe za ukubwa wao, na zivaliwe kabla boti haijaondoka. Nendeni asubuhi, kwani upepo huongezeka mchana na mawimbi yakarusha maji ndani. Gereza la pale lilijengwa mwaka 1893 na halikupata kufungia wahalifu, pakawa mahali pa karantini. Kobe wakubwa wanatokana na walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watoto wasiwapande mgongoni na wasiwape vyakula vya mkobani. Siku ya bamvu asubuhi unganisheni na fungu la mchanga la Nakupenda, lililo jirani. Hilo linaonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, basi mwambieni nahodha mnataka kuanzia wapi kulingana na maji ya siku hiyo.

Sasa boti ya kuja. Kutoka Dar es Salaam boti za kasi huchukua kama saa mbili. Kateni tiketi ofisini kwa kampuni au kwenye mtandao wake, msinunue kwa mtu anayewavuta getini. Bei ya raia si ya mgeni, kwa hiyo kila mtu mzima awe na kitambulisho na kila mtoto cheti cha kuzaliwa, majina yafanane na ya tiketi. Fikeni saa nzima kabla. Mpagazi akishika mzigo kabla hamjapatana bei, mzigo huo umeshakuwa na bei yake.

Bahari inabadilika kwa pepo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hasa Juni mpaka Agosti, kuja Unguja mawimbi yanawasukuma kwa nyuma, lakini kurudi Dar boti inayakata uso kwa uso, na hapo ndipo watu wanatapika. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Februari, ni kinyume chake. Kaeni ngazi ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti inayumba kidogo zaidi. Kuleni kitu kikavu, mkate au biskuti, msinywe maziwa. Dawa ya kichefuchefu inanywewa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika haisaidii. Kipimo cha mtoto muulizeni mfamasia. Bebeni na kanga za kujifunika, kwani kiyoyozi cha ndani ni kikali. Na mizigo iwe kwenye makapu au mikoba, si mifuko ya plastiki, ambayo ni marufuku huku na huko.

Nyumbani kwa ndugu pana maji mengine ya kufikiria, ya bomba. Mitaa mingi ya Ng'ambo, yaani nje ya Mji Mkongwe, maji hutoka kwa saa maalumu, na tangi la nyumba limepimwa kwa wenyeji wake. Wageni saba wakifungua bomba kama wako hotelini, tangi linakauka kabla ya adhuhuri, na wifi yako hatasema kitu. Ogeni kwa ndoo na kata. Jitoleeni kujaza mapipa yanapotoka. Umeme ni wa kununua kabla, wenyeji wanauita Tukuza; siku ya pili muulize kaka namba ya mita umwekee, usimuulize kama anahitaji, atakataa. Zawadi inayopokewa kwa furaha ni chakula cha bara: mchele, maharage, viazi, vitunguu. Na semeni mapema idadi kamili ya watu ili magodoro na vyandarua vitafutwe mchana, si saa 5 usiku.

Ndugu huyo ana kazi. Safari za mbali ziwekeni Jumamosi na Jumapili aende nanyi. Siku za kazi tembeeni Mji Mkongwe wenyewe, panazungukika kwa miguu. Anzieni soko la Darajani asubuhi, kisha Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa juu yake. Vyumba vya chini mtakavyoonyeshwa pale kuwa vya kufungia watumwa ni vifupi, mtu mzima hasimami wima. Mwelezeni mtoto nje kwanza ataona nini, asikutane nacho gizani. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020; litazameni kwa nje, kisha ingieni Ngome Kongwe iliyo kando yake. Mkipotea vichochoroni ulizeni Darajani au Forodhani, kila mtu anazijua. Vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti, na Ijumaa saa 6 mpaka 8 mchana msitegemee duka kuwa wazi. Mwezi wa Ramadhani haufai kwa matembezi, watoto watashinda wamefichwa kula. Sikukuu inafaa sana: Idi inasherehekewa siku nne, na Mnazi Mmoja na Kariakoo za Unguja, si za Dar, hujaa watoto na michezo.

Forodhani, kwenye vyakula vya usiku, ni ya baada ya magharibi. Ulizeni bei kabla ya kunyoosha kidole. Chagueni kinachopikwa mbele yenu, urojo, pizza ya pale, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kamba na pweza waliokwisha kuchomwa na kupangwa mezani waacheni, huenda wamepashwa moto zaidi ya mara moja.

Tiketi ya kurudi kateni siku mnayofika, hasa mwisho wa likizo na baada ya Idi, wakati boti hujaa. Kama ni miezi ya kusi chagueni ya asubuhi, upepo haujapanda bado.