Maswali na Majibu: Kukodisha Shamba kwa Wawindaji

SWALI: Nina shamba la ekari 60, nusu yake pori, na hati ya hakimiliki ya kimila ninayo. Watu kutoka mjini wanataka kunilipa kila msimu wawinde nyati na pofu humo. Wanasema Afrika Kusini ndivyo inavyofanyika. Nisaini?
Msomaji, Liwale

JIBU: Usisaini, ndugu yetu. Hati yako inakupa haki ya kutumia ardhi tu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma, hata nyati akilala chini ya mkorosho wako. Afrika Kusini ina sheria ya 1991 inayolinda umiliki wa wanyama waliozungushiwa uzio, ndiyo maana mwenye shamba huko anauza uwindaji. Hapa Tanzania hati ya shamba pekee haikupi umiliki huo.

Wakiwinda bila leseni, nyama na pembe zitakazokutwa shambani ni nyara za serikali, na wewe uliyewaruhusu unaweza kushtakiwa kwa kuwasaidia. Karatasi mliyosainiana itakuwa ushahidi dhidi yako.

Unachoweza kukodisha ni kiwanja cha kambi au njia ya gari, kwa kampuni ambayo tayari ina kitalu halali, yaani eneo la uwindaji ililopewa kwa kibali. Omba nakala ya kibali chake, uithibitishe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, kisha upeleke mkataba Halmashauri ya Kijiji kabla ya kupokea hata shilingi. Uandike mipaka, muda, kodi inayopita benki, nani anaondoa taka, na fidia ya mikorosho moto wa kambi ukiwaka. Kipengele cha moto watu hukisahau, na kiangazi pori la Liwale huungua upesi.

Fedha ya uwindaji wenyewe hupita kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani eneo la ardhi ya vijiji lililotengwa kwa wanyamapori, kama Magingo huko kwenu. Mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, mpango wa matumizi bora ya ardhi unaandaliwa, asasi ya wanavijiji ya kulisimamia inasajiliwa, eneo linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, asasi inapewa haki ya matumizi, ndipo mwekezaji anapotafutwa. Mchakato huu hukwama zaidi kwenye mpaka, vijiji viwili vikidai bonde moja, au kwenye muhtasari wa mkutano usio na majina na sahihi za waliohudhuria. Tembeeni mpakani pamoja na wazee wa vijiji vyote viwili kabla mpimaji hajaja.

SWALI: Nguruwe pori wanamaliza mahindi. Naweza kumwita mwenye bunduki nikamlipa?
Msomaji, Nanyumbu

JIBU: Hapana. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Wanyamapori siku hiyohiyo, na uache nyayo na mabua yaliyovunjwa yakaguliwe. Sheria inatambua kuua mnyama katika kulinda maisha au mali, lakini lazima utoe taarifa, na mzoga si wako kuuza.