Nanunua, Ila Nataka Kujua Nani Kasaini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, ni vibaya kununua bidhaa ya ng'ambo kwa kuwa tu ni rahisi?" Nasema si vibaya. Umbali wa kiwanda hauna dhambi. Dhambi, ikiwapo, imo kwenye masharti ya oda, na hayo mnunuzi haonyeshwi.

Aprili 23, 2013, kuta za Rana Plaza, jengo la ghorofa nane huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, zilipata nyufa. Benki iliyokuwamo ikawaondoa wafanyakazi wake. Maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa viwanda vya juu wakaamriwa warudi kazini kesho yake, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Asubuhi hiyo jengo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Jengo moja, nyufa zilezile, ila benki haikuwa na mzigo wa kuwahi meli. Mwenye kiwanda akichelewesha oda hukatwa malipo, au husafirisha nguo kwa ndege kwa gharama zake, na presha hiyo yote humshukia aliyekaa kwenye cherehani.

Basi tususie? Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Seneta Tom Harkin wa Marekani alipeleka muswada wa kuzuia bidhaa zinazotengenezwa na watoto. Haukupata hata kuwa sheria, lakini wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliingiwa na hofu, wakatimua watoto kwa maelfu. UNICEF ilipowafuatilia ilikuta baadhi yao wanaponda mawe, wengine wameishia kwenye ukahaba. Na nia ya seneta, tuseme kweli, ilikuwa njema. Mambo yalianza kunyooka mwaka 1995, pale UNICEF, Shirika la Kazi Duniani (ILO) na chama cha wenye viwanda walipokubaliana watoto waende shule na wapewe posho.

Wachumi watanikumbusha David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, na hoja yake ya 1817, kwamba nchi hunufaika zikibadilishana kile ambacho kila moja inakimudu vizuri zaidi. Sina ugomvi nayo. Lakini ujira wa mshonaji ni sehemu ndogo mno ya bei ya shati dukani, kwa hiyo wanaodai kwamba ukipanda kidogo tu biashara itakufa, mimi hawanishawishi.

Baada ya Rana Plaza, kampuni nyingi zinazoagiza nguo Bangladesh zilisaini mkataba wa usalama wa majengo unaozifunga kisheria. Haukuwa wa maonyesho: vyama vya wafanyakazi viliupeleka kwenye usuluhishi huko The Hague, Uholanzi, dhidi ya kampuni mbili, na zote zikakubali kumaliza shauri nje. Kwangu hicho ndicho kipimo. Kabla ya kununua natazama kama kampuni imesaini kitu ambacho mfanyakazi anaweza kuishtakia, na kiwanda cha nchini nakiuliza swali hilohilo.