Siku mbili Mombasa: nenda na njaa, fikia kwa rafiki

Mara ya kwanza nilipopanga safari fupi ya Mombasa niliandika orodha. Ngome ya Yesu saa tatu, Haller Park saa sita, pwani ya Nyali saa tisa, kisha sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue kabla jua halijatua, nipige picha. Nilifika kote. Shoga yangu niliyesoma naye chuoni, ambaye ndiye aliyenifanya niipende Mombasa, nilimwona nusu saa tu, begi likiwa mgongoni. Alikuwa amekuja na mahamri ndani ya kikapu, yamefunikwa kitambaa, akidhani tutakaa. Jambo hilo liliniuma mwaka mzima.

Safari hii nilikwenda Ijumaa nikarudi Jumapili, sina orodha.

Usafiri si kazi. Ukitoka Nairobi, treni ya SGR, ile reli ya kisasa inayobeba abiria tangu 2017, huchukua saa tano na ushei hadi sita. Kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na kwa kuwa stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, patana nauli kabla hujaingia garini. Ukifika Ijumaa adhuhuri utakuta maduka mengi ya Mji wa Kale yamefungwa kwa swala. Subiri, yatafunguliwa.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kama una rafiki Mombasa na amekukaribisha, fikia kwake. Najua wengi wetu tunaona haya, tunasema hatutaki kuwasumbua watu. Mimi nilisema hivyo miaka sita. Lakini hotelini utalala tu, na mji wenyewe uko jikoni kwa watu. Usiende mikono mitupu, basi. Mimi nilibeba majani ya chai ya Kericho na maparachichi, vikapokewa kwa furaha kuliko keki yoyote ya dukani.

Nyumba ya kina shoga yangu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Usiku wa kwanza nilimkuta mama yake akikanda unga wa mahamri: hamira, sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe, na tui badala ya maji. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Ndoo, keti kitako," akinisogezea mbuzi ya kukunia nazi. Nikakaa, nikakuna. Tui zito liliwekwa kando. Mbaazi zilizolowekwa tangu asubuhi zikachemshwa zikaiva, zikatiwa tui jepesi, na lile zito likaingia mwisho kabisa, moto umepunguzwa, lisije likakatika.

Alfajiri unga ulikuwa umeumuka. Mama akasukuma, akakata pembe nne nne, akadondosha kipande kimoja kuyajaribu mafuta. Kikazama, kikaibuka, naye akaanza kutia. Hapo nikajifunza jambo lililonishinda miaka yote: hamri likiibuka, usikimbilie kuligeuza. Lichotee mafuta ya moto kwa upawa, uyamwage juu yake mpaka livimbe, ndipo uligeuze. Langu la kwanza lilibaki bapa. La pili pia. La tano lilivimba likajaa, na mama akapiga kigelegele kidogo, kile cha ndani ya nyumba, kana kwamba kuna harusi.

Kwa hiyo ukiulizwa na mwenyeji wako upikiwe nini, jibu kwamba unataka kupika naye. Tulizungumza mengi kwenye moshi ule wa asubuhi kuliko tulivyozungumza kwa simu mwaka wote. Shoga yangu aliniambia mambo ya ndoa yake ambayo asingeniambia tukiwa mezani tumeketi kiwageni.

Mchana, kula kidogo, kisha ulale. Joto la Mombasa kati ya saa saba na saa kumi halina mshindi, na tumbo utalihitaji jioni. Jua likilegea nenda bustani ya Mama Ngina, ukae chini ya mibuyu ukitazama meli zikiingia Kilindini, na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu mkononi. Dafu la baridi pembeni. Giza likiingia rudi Mji wa Kale kwa miguu utafute viazi karai: kiazi kilichochemshwa, kikavikwa uji mzito wa unga na manjano, kikakaangwa, kikapasuliwa na kumwagiwa ukwaju. Mimi naviweka mbele ya biriani, na najua watakaonibishia ni wengi. Malizia kwa kahawa chungu kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, na kashata. Kunywa polepole. Watu wanaokunywa hapo hawana haraka.

Ngome ya Yesu usiiache, ila ingia na mwenyeji. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Hayo yote niliyasoma safari ya kwanza, nikaona mawe na mizinga. Safari hii shoga yangu alinisimamisha langoni akanieleza kwamba nyanya yake alikuwa akileta chakula hapo cha kaka yake aliyefungwa, maana ngome ilikuwa jela hadi 1958. Alikuwa akitembea kutoka nyumba ileile niliyolala. Sikupiga picha yoyote siku hiyo. Na vichochoroni, ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza.

Sasa niseme kilichonigusa zaidi. Nafundisha Kiswahili shule ya upili, na natunga mashairi. Kwa miezi minne sikuwa nimepata hata ubeti. Darasani huwa nawaeleza wanafunzi kwamba Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, wa karne ya 19, akisema "ndia" anakusudia njia, na "ndoo" ni njoo. Nayafundisha kama maneno yaliyohifadhiwa ndani ya vitabu. Jumamosi asubuhi nilipotea nyuma ya Ndia Kuu, nikamuuliza mtoto wa miaka kama sita. Akanyoosha kidole bila kuacha kulamba mabuyu: "Shika ndia hii." Nilisimama pale kwa muda. Nikatoa daftari.

Beba daftari dogo, nakusihi. Simu iache mfukoni.

Kabla ya kuondoka tulipita Biashara Street kununua leso. Usichague kwa rangi tu, soma jina lake, yale maandishi ya chini, maana ndiyo utakayokuwa ukiyasema kila unapojifunga. Tulizisoma nyingi kwa sauti, muuzaji akitufunulia moja baada ya nyingine, hadi tukakubaliana na iliyoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ilikuwa doti moja. Tukamwomba fundi wa nje ya duka aikate katikati na kuipinda. Kipande kimoja kikabaki Kibokoni, kimoja nikajitanda.

Miritini fika saa nzima kabla, kuna foleni ya mizigo na mbwa wa kunusa. Mama alikuwa amenifungia mahamri kwenye karatasi ya foili, bado ya moto. Treni ilipopita Voi nilikuwa nimekula manne na kuandika beti mbili.